Kufufua Volkswagen Beetle katika banda la nyumbani: bati kwanza, injini baadaye

Anayetaka kufufua Volkswagen Beetle nyumbani kwake karibu kila mara huanzia mahali pasipofaa. Hufungua kifuniko cha nyuma, huitazama injini, huuliza kama inawaka, na ikiwaka hulipa. Injini ya gari hili ndiyo sehemu rahisi kuliko zote: hufungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, mtu mmoja mwenye jeki ya magurudumu huishusha kwa saa moja au mbili, na spea zake bado zinapatikana kwa sababu Beetle iliendelea kuundwa Puebla, Mexico, hadi Julai 2003. Kinachoua gari hili ni kutu. Ninaloeleza hapa nimelifanya kwa gari langu la mwaka 1970, lenye injini ya cc 1285, nililolikuta chini ya mwembe huko Muheza. Injini yake ilikuwa imekwama kabisa, na kwa sababu hiyo bei ilishuka. Sakafu yake ilikuwa na tundu moja tu. Rafiki yangu alinunua jingine mwezi huohuo, jekundu, lenye kung'aa, linalowaka kwa mara ya kwanza, na hadi leo bado anakata bati.

Kulikagua kabla ya kulipa

Chukua tochi, bisibisi butu, jeki, na sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa chembamba. Sumaku inayoshika vizuri kwenye mlango lakini ikateleza kwenye upinde wa gurudumu inakujulisha kwamba chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti huenda hakuna chuma cha kutosha. Kisha ng'oa kiti cha nyuma. Betri ya Beetle hukaa hapo, upande wa kulia, na tindikali iliyomwagika kidogo kidogo kwa miaka hamsini huitafuna sakafu kuanzia juu wakati matope yanaitafuna kutoka chini. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi. Ukiwa bado umeinama hapo, safisha uti wa katikati wa sakafu usome namba ya chasisi iliyopigwa chini ya kiti hicho. Kwa sedani ya kawaida ya kuanzia modeli ya 1965, namba huanza na 11 na tarakimu ya tatu huonyesha mwaka wa modeli, kwa hiyo gari la 1970 litaanza na 110. Ilinganishe na kadi ya gari kwa Tanzania, au logibuku kwa Kenya, kabla hujazungumza bei. Namba zisipoafikiana, ondoka, hata kama muuzaji ana maelezo mazuri.

Baada ya hapo lala chini utazame mihimili miwili mipana inayopita chini ya milango. Waundaji wake waliipa kazi mbili: kubeba bodi, na kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa abiria. Kwa mtu wa Tanga hewa ya moto miguuni ni kichekesho, na magari mengi ya pwani yamezibwa matundu hayo kwa vitambaa, lakini mhimili wenyewe ukioza hakuna tena kinachoizuia bodi kujikunja katikati. Kipimo chake ni hiki: funga mlango, weka jeki mahali pake chini ya ubavu, inua polepole huku ukiutazama mwanya kati ya mlango na nguzo. Mwanya ukibadilika, au mlango ukigoma kufunguka gari likiwa juu, mhimili umekwisha. Hilo halimaanishi lazima uliache gari, ila bei ishuke sana na ujue kwamba kazi ya miezi ya mwanzo itakuwa ya welding peke yake.

Mahali pa kufanyia kazi

Beetle ina urefu wa takriban mita 4 na upana usiozidi mita 1.6, hivyo banda la mita 6 kwa 4 linatosha ikiwa sakafu ni ya saruji iliyo sawa. Gari likae juu ya stendi nne za chuma. Nimeona magari yamekalishwa juu ya matofali ya saruji, na tofali hupasuka bila kutoa taarifa yoyote. Mtu asilale chini ya kitu hicho. Utahitaji spana za kawaida za milimita, hasa namba 13 na 17, soketi ya 36, spana yenye kipimo cha mkazo, vibati vya kupimia mianya, na kizimamoto cha unga. Hicho cha mwisho kisikae stoo, kiwe ukutani karibu na mlango. Kasha la injini ya Beetle limeundwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima.

Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kwa simu kabla na baada, na bolti zake ziingie kwenye mfuko wenye maandishi. Mimi nilijidai nina kumbukumbu nzuri kwa siku mbili za kwanza, na matokeo yake ni kopo la bolti kumi na moja ambalo hadi sasa sijui zilitoka wapi.

Bati na welding

Kosa la wengi ni kuinua bodi na kuiweka kando ndipo waanze kukata. Bodi iliyooza mihimili ikitenganishwa na chasisi hutanuka au hujipinda kwa uzito wake yenyewe, na ukiirudisha, matundu ya bolti hayakutani. Kwa hiyo kwanza chomelea vyuma vya muda vinavyovuka nafasi ya milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma na kutoka upande hadi upande. Kisha ushughulikie sakafu, ambayo hupatikana kama nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazochomelewa kwenye uti wa katikati. Kata nusu moja tu, ifunge mpya, hakikisha iko sawa, ndipo uende ya pili. Sakafu mpya ikishasimama imara, hiyo ndiyo inakuwa kipimo cha mihimili: mhimili mpya hufungwa kwa bolti kwenye sakafu, milango hutundikwa, mianya hulinganishwa kwa jicho na kwa kidole, na hapo tu ndipo mhimili huchomelewa kwenye nguzo. Ukifuata mpangilio huu milango itafunga kama ya gari jipya. Ukiugeuza, utakuwa ukipiga bawaba nyundo kwa muda wote utakaolimiliki.

Bati la sehemu hizi lina unene wa kama milimita 1. Mashine ya welding ya fimbo, ile inayotengeneza mageti mtaani, hulitoboa kabla hujamaliza kuweka kinyago sawa. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba na gesi, au ukodi yake, na uchomelee kwa nukta: nukta moja hapa, nyingine sentimita 20 mbele, kisha urudi katikati, ukiacha chuma kipoe mpaka uweze kukigusa. Mstari mrefu uliochomelewa kwa mkupuo mmoja hulipinda bati hadi likafanana na chapati. Betri itolewe kabisa garini kabla ya kuchomelea, tangi la petroli litolewe pia na lipelekwe nje ya banda, na bati lenye madini ya zinki likwanguliwe pale linapochomelewa, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua.

Mahali pa betri paoshwe kwa maji ya magadi mpaka povu likome, kisha maji safi, kisha pakauke kwa siku nzima juani kabla ya praima. Maungio yote yapakwe sili ya bodi, na ndani ya mihimili ipulizwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya hewa yale yale ya kichekesho. Wapo wanaomimina oili chafu humo. Oili chafu huteremka yote hadi chini, hulainisha mipira ya milango, na ukiegesha barazani kwa mtu hutaalikwa tena.

Breki kabla ya mwendo

Gari lisiwashwe kwa majaribio ya mwendo kabla breki hazijakamilika. Badilisha silinda za magurudumu, masta silinda (pampu kuu ya breki) na mipira yote ya breki, hata ile inayoonekana mizima. Niliukata kwa kisu mpira mmoja wa mbele uliokuwa mweusi na laini kwa nje, wa kuvutia kabisa. Tundu la ndani lilikuwa limevimba likaziba hata sindano ya kushonea haikupita. Mpira wa namna hiyo hupitisha mafuta ukikanyaga kwa nguvu lakini hauyarudishi ukiachia, hivyo gurudumu hubaki limeshikwa na gari huvuta upande mmoja. Ndiyo hitilafu ambayo nilikuwa nimetozwa fedha mara mbili, kwenye gari jingine miaka ya nyuma, na fundi aliyekuwa akibadilisha tairi na kupima usukani.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 pekee, kwani oili ya kawaida huvimbisha mipira kwa siku chache, na uyaweke mbali na rangi kwa sababu huibabua. Wakati wa kutoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na la mwisho mbele kulia. Nati kubwa za magurudumu ya nyuma, namba 36, hukazwa kwa takriban Nm 300 (niutoni-mita, kipimo cha mkazo). Asiye na spana ya kipimo kikubwa hivyo atumie mpini wenye bomba: mtu wa kilo 60 anayesimama taratibu kwenye mpini ulio mlalo, nusu mita kutoka kwenye nati, anatoa mkazo huohuo. Kotapini, yaani pini inayozuia nati isilegee, iwe mpya, na ikiwa tundu halijalingana, kaza zaidi hadi lilingane, usilegeze.

Injini

Kabla ya kuamua kuifungua, shika puli ya kranki kwa mikono miwili uivute kuelekea kwako na kuisukuma. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi vizuri. Ukisikia wazi chuma kikigonga chuma, beringi au kasha limeliwa, na injini hiyo haihitaji kubadilishiwa ringi. Inahitaji kazi ya karakana yenye mashine. Wenye bahati ya kuwa karibu na Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, watapata mafundi wa kuchonga na wauzaji wa spea ndani ya mtaa mmoja. Sisi wengine hutuma kwa basi.

Kuishusha kunahitaji subira kuliko nguvu. Chomoa betri, bana mpira wa petroli, fungua waya wa mafuta kwenye kabureta, nyaya za dinamo na koili, kisha nati mbili za chini na bolti mbili za juu. Injini ivutwe nyuma ikiwa imenyooka, kama sentimita 10, mpaka shafti ya giaboksi itoke kabisa kwenye sahani ya klachi, ndipo jeki ishushwe. Ukiishusha mapema uzito wote hulalia shafti hiyo na sahani hupinda. Utaligundua siku ya kwanza utakapoingiza gia ya kwanza gari likatetemeka kama lina homa.

Wakati wa kuiunganisha upya, nati za vichwa vya silinda zenye uzi wa milimita 10 hukazwa kwa hatua hadi Nm 32. Usizidishe hata kidogo, kwa kuwa magnesi ni laini na skrubu zake hung'oka pamoja na uzi wake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, silinda ya kwanza ikiwa ya kulia iliyo karibu zaidi na viti. Mwanya wa valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, maana yake asubuhi kabla haijawashwa, na mwanya wa pointi, vile vigusi vya ndani ya distributa, ni milimita 0.4. Oili ni lita 2.5 tu, na kwa uchache huo kila nusu lita inayovuja ina maana kubwa.

Injini hii haina rejeta. Hupozwa na feni inayosukuma hewa ndani ya mabati yaliyoizunguka. Mabati hayo, pamoja na ukanda wa mpira unaoziba mwanya kati ya injini na bodi, ndiyo rejeta yake. Katika gari langu nusu ya mabati ilikuwa imetupwa, na aliyeniuzia alinieleza kwamba fundi wake aliyatoa ili injini ipumue. Inapumua kweli, lakini inapumua hewa ileile ya moto iliyotoka kwenye silinda na ekzosi chini, na ndiyo sababu ilikwama. Yatafute yote, hata kwa kung'oa kwenye gari bovu, na usiache tundu hata moja la plagi bila mpira wake.

La mwisho kuhusu injini ni moto. Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu ya sentimita chache za mpira wa petroli uliochoka juu ya distributa inayotoa cheche. Weka mpira mpya wa kupitishia petroli wenye klipu kila mwisho, na kagua kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kwani hulegea na kuchomoka chenyewe. Kikicheza kwa vidole, kirudishwe kwa kukazwa na fundi. Chujio la petroli lisining'inie ndani ya chumba cha injini. Mahali pake ni chini, karibu na giaboksi. Na juu ya betri, chini ya kiti cha nyuma, kuwe na kifuniko cha plastiki: springi za kiti zikibonyea kwa uzito wa abiria mnene na kugusa ncha za betri, nyuzi za kiti huwaka wakati bado mnapiga soga.

Mageuzi yanayofaa

Kwa maoni yangu mageuzi mema ni yale yanayoweza kurudishwa nyuma baadaye, na vipuri vya asili vikabaki kwenye sanduku. La kwanza ni mikanda ya usalama, ikifungwa kwenye sehemu zenye nati zilizoimarishwa, kamwe si kwenye bati tupu. La pili ni rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za taa za mbele. Katika gari la umri huu umeme wote wa taa hupitia swichi ya dashibodi na nyaya zilizochoka, na rilei mbili huifanya taa ileile ing'ae kana kwamba umebadilisha balbu. Gari la kabla ya modeli ya 1967 huenda bado ni la volti 6, na hapo kuhamia volti 12 kunahusu balbu zote, koili, dinamo na mota ya waipa, hivyo kufanywe kwa mkupuo mmoja. La tatu ni kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distributa badala ya pointi. Ni kizuri, ila pointi na kondensa za zamani zikae kwenye droo ya dashibodi, maana kifaa hicho kikifa njiani Korogwe hakitengenezeki, na pointi hukwanguliwa hata kwa msasa wa kiberiti.

Kuongeza nguvu ndiko kunakowavutia vijana. Injini ya cc 1584, yenye pistoni za milimita 85.5, huingia mahali pa ile ndogo bila kukata chochote, na inatosha. Pistoni za milimita 87, zinazosifiwa kwa kuingia bila kuchonga, zina silinda zenye kuta nyembamba ambazo hupinda kwa joto, na kwa hali ya hewa yetu sizipendekezi. Za milimita 90.5 ni imara zaidi lakini kasha na vichwa lazima vichongwe, na gharama yake hununua injini nzima ya 1584. Kwa vyovyote, breki za diski mbele zitangulie nguvu hizo, na injini au rangi ikibadilika taarifa za gari nazo zirekebishwe kwa mamlaka.

Kuhusu kulishusha gari chini, sitaki kuficha msimamo wangu. Beetle ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na ilishinda kwa sababu ilipita juu ya mawe na matope, ikiwa na sakafu iliyo laini kama tumbo la mtumbwi. Kulishusha hapa kwetu ni kuugeuza uti wa chasisi kuwa plau. Zaidi ya hayo, ekseli ya nyuma ya modeli nyingi ni ya kubembea, na shokapu zikiwa dhaifu gurudumu la nje hujikunja ndani kwenye kona kali. Weka shokapu mpya na matairi ya radial ya 165 R15, na hilo ndilo badiliko utakalolihisi kuliko yote.

Rangi na safari ya kwanza

Rangi huja mwisho. Unaweza kufanya maandalizi mwenyewe, ukianza na msasa wa 80 kwenye puti, kisha 180, 320, na 600 kwa maji, na puti isizidi milimita 2 au 3. Upulizaji wa rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandisho uachie fundi mwenye kinyago cha hewa safi, kwa sababu mvuke wake huharibu mapafu na kitambaa cha puani hakizuii kitu. Pwani, chagua asubuhi isiyo na unyevu, la sivyo rangi za selulosi hupata ukungu mweupe.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote nne kwanza, chomoa waya wa koili, na uzungushe kwa stata mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa, na macho yako yawe kwenye mpira wa petroli, wala si kwenye umati wa majirani. Ikiwa kamshafti ni mpya, ishike injini kwenye mizunguko kama 2000 kwa dakika 20 bila kuiacha ilale. Zungukia mtaa, rudi, gusa kila drami la breki kwa mgongo wa mkono. Lililo la moto kuliko mengine linashikwa na breki. Ukifika kilomita 500, mwaga oili ikiwa ya moto, safisha chujio la waya lililo chini ya kasha, acha gari lilale usiku mzima, na asubuhi pima valvu zote nane upya, ukianza na zile za silinda ya tatu, ambayo katika injini za zamani hukaa nyuma ya kipoza oili na kupata hewa kidogo kuliko wenzake.